Miale Chini ya Kidole

Kapsoya, Eldoret
16 Machi 2025

Kwa Mjomba Gichuru,

Salamu zinakuja, lakini nivumilie kwanza. Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka tangu Jumanne. Tak. Mkavu na mfupi, kama punje ya mahindi ikiangukia sufuria tupu. Kikafuata kimya, nikadhani nimejidanganya. Kisha tak, tak, miwili iliyokaribiana. Wasichana kumi na wawili wa kidato cha tatu walikuwa wamesimama nyuma yangu na hakuna aliyethubutu kukohoa. Nimekuwa nikiusikia mlio huo nikisahihisha madaftari, nikiosha vyombo, hata kanisani leo wakati wa maombi.

Hujambo lakini? Mimi mzima. Mama huko Soy ameshalima, anangoja mvua. Anakusalimu na kusema umekuwa na kiburi, hupokei simu yake tangu Krismasi. Nimemwambia mtandao wa Timboroa ni mbaya. Sijui kama nilisema kweli.

Ule mtambo niliokuwa nikikueleza sasa unafanya kazi. Unapima miale ya gama. Mingine hutoka ardhini na kwenye mawe, mingine huzaliwa juu kabisa, pale miale inayotoka mbali angani inapogonga hewa. Shule kama yetu haiwezi kununua mtambo wa dukani, kwa hiyo tumeutengeneza wenyewe. Daktari Emmanuel wa chuo kikuu alituazima fuwele mbili, kila moja ndogo kuliko kipande cha sabuni. Mwale ukipita ndani ya fuwele, inamulika kidogo sana, na kihisi kilichobandikwa chini yake kinaona mmuliko huo na kupiga spika. Tuliizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kisha tepu nyeusi ya umeme, tukaifungia ndani ya mkebe wa biskuti. Mara ya kwanza tulikuwa tumeacha upenyo wa mwanga. Kila Apiyo, mmoja wa wasichana hao, alipofungua mlango wa maabara, mkebe ulipiga kelele kama kuku aliyeona mwewe.

Tumetengeneza mikebe miwili. Mmoja una kihesabio na utabaki hapa. Wa pili hauna, una spika tu, na huo ningependa ukae kwako. Hewa huimeza miale ya angani njiani, na ninyi wa Timboroa mko juu kuliko sisi, hewa iliyo juu ya vichwa vyenu ni chache. Ukihesabu zaidi yetu, tutakuwa tumeona kitu. Daktari anakusanya ripoti za shule mwisho wa Julai. Tukiwa na kituo kimoja, tuna mkebe wa kuchezea. Tukiwa na viwili, tuna utafiti.

Naomba uhesabu mara tatu kwa siku: saa tatu asubuhi, saa sita, na saa kumi, dakika tano kila mara. Mlio ni wazi, utausikia hata ukiwa umewasha redio zote za wateja wako. Sikumfikiria mtu mwingine. Nilipokuwa na miaka saba ulinibandika sikio kwenye redio iliyokuwa katikati ya stesheni mbili, ukaniambia ule mchakarisho si uchafu, ni mbingu inaongea na hakuna anayeijibu. Nimesoma fizikia kwa sababu ya siku ile.

Wako,
Wangeci

*

Timboroa
26 Machi 2025

Kwako Maitu,

Bwana asifiwe. Huku tuko salama, baridi ni ile ile, jana asubuhi nilikuta maji ya kuku yameganda juu. Viazi vimeota vizuri. Mwambie dada yangu sina kiburi. Simu nilimpa Chepkorir, anaihitaji kwa biashara yake ya viazi kuliko mimi. Za wateja ninazotengeneza zinanitosha. Na mambo ya hesabu yaandikwe kwenye karatasi, karatasi haikatiki katikati.

Mkebe umefika mzima. Chepkorir aliupakata kutoka Eldoret mpaka hapa, akiwaambia abiria ni mayai ili mtu asiukalie. Sasa watu wa stendi wanamuuliza kuku gani hutaga ndani ya mkebe wa biskuti.

Unajua kwa nini nakuita Maitu, yaani mama. Ulipewa jina la mama yangu, na mtu hakatai akitumwa na mama yake. Kwa hiyo kazi nimeikubali. Hesabu zisinipotee nimeweka maharagwe mezani: kila ikifika kumi nasogeza haragwe moja. Siku ya kwanza nimepata 231, 226 na 238.

Umeandika sana juu ya mlio. Mimi nasema tu kwamba mtambo unafanya kazi. Solda zenu za kuungia waya si mbaya kwa watoto wa shule, ingawa mbili nimezirudia. Fundi akishafungua kitu hawezi kukifunga bila kukigusa, utanisamehe.

Mjomba wako,
Gichuru

*

Kapsoya
4 Mei 2025

Kwa Mjomba Gichuru,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Hapa tumerudi shule wiki iliyopita, na kwa Mama mahindi yamefika magotini. Alisema nikuulize kama ile sweta ya kijivu inakutosha.

Nimepokea kurasa zako zote za Aprili. Apiyo alizichora kwenye karatasi ya grafu, mstari wetu chini na wako juu. Sisi tunapata kama 190, wewe 230. Siku baada ya siku, ninyi juu, sisi chini. Apiyo alipiga kelele, "Mwalimu, mlima unaonekana!" na kweli, Mjomba, tulikuwa tumeuona mlima ndani ya nambari. Nilitoka nje nikasimama peke yangu kidogo.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Kuna siku nambari zako zinaruka. Tarehe 12 Aprili saa kumi, 301. Tarehe 19, 288. Tarehe 24, 312. Daktari Emmanuel alizizungushia wino mwekundu, akaniuliza, "Huyu mzee wako husinzia, au anazipamba hesabu?" Nilimjibu kwamba mjomba wangu hasinzii akiwa na kazi mkononi. Akasema nambari haziruki zenyewe, na nisipokuwa na maelezo ataniomba niondoe Timboroa yote.

Lakini nadhani maelezo yapo. Mkebe wetu pia huruka mvua ikinyesha. Kuna gesi inayotoka udongoni, inaitwa redoni. Inapoharibika huacha vumbi dogo mno hewani, na mvua hulisomba vumbi hilo na kulishusha chini likiwa bado linatoa miale. Baada ya saa moja au mbili linapoa. Kwa hiyo nina swali dogo tu: saa hizo nilizokutajia, mvua ilikuwa inanyesha?

Wako,
Wangeci

*

Timboroa
14 Mei 2025

Kwako Maitu,

Salamu katika jina la Bwana. Sweta inanitosha. Viazi tunapalilia. Kwaya nimeiacha, wazee tumewaachia vijana nafasi.

Kuhusu mvua, sijui. Nilikuwa kibandani, dirisha nimelifunga kwa sababu ya baridi, macho yako kwenye maharagwe. Mtu anayehesabu haangalii nje. Nambari ni hizo nilizoandika, na za wiki hii nimeziweka humu.

Gichuru

*

Kapsoya
25 Mei 2025

Kwa Mjomba,

Hatujambo. Mama hajambo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kibanda chako kimeezekwa kwa mabati, hakina hata dari. Nimekulia likizo zangu chini ya bati lile. Mvua ya Timboroa ikilipiga, watu wawili walioketi meza moja huongea kwa ishara. Hakuna awezaye kukaa pale dakika tano asijue kama inanyesha, dirisha liwe wazi au limefungwa.

Kwa hiyo nimejaribu kuwaza njia nyingine na sikuipata. Hukuwepo kibandani. Ulirudi baadaye ukaandika nambari iliyokujia, na pengine uliona aibu kuniambia umechoka. Ungeniambia tu. Ningekuelewa. Nisichoweza ni kuwapa wasichana kumi na wawili grafu ambayo nusu yake imetungwa, halafu niwafundishe kwamba sayansi ni kusema ulichokiona.

Nitaiondoa Timboroa kwenye ripoti. Tafadhali mpe Chepkorir mkebe Alhamisi yoyote akija sokoni.

Wangeci

*

Kapsoya
22 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Sijui nianze na salamu gani. U hali gani, kweli? Mimi nimelala vibaya tangu Alhamisi. Mama anakusalimu, yeye hajui lolote.

Alhamisi nne nilikwenda sokoni kumngoja Chepkorir, na Alhamisi nne hakuwa na mkebe wala barua. Hii ya mwisho nilimkuta akishusha magunia, nikamuuliza uko wapi mzigo wangu.

"Mkebe? Panda Timboroa uuchukue mwenyewe. Mimi sibebi aibu ya watu."

"Mzee amekasirika?"

"Akasirike? Ana nguvu hizo? Anakaa na kile kidude chako amekishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Ulimwandikia nini, wewe?"

"Nilimuuliza tu kama mvua ilikuwa inanyesha. Akasema hajui. Chini ya mabati, Chepkorir! Utasema hujui?"

Aliliacha gunia likaanguka. Viazi vitatu vikabiringika hadi kwenye mtaro na hakuvitazama.

"Mwalimu mzima," akasema. "Mzee Gichuru hasikii. Hasikii kitu. Soko lote la Timboroa linajua. Tunamgusa bega kabla ya kumsalimia, hata mbuzi wake wanajua kumsukuma kwa kichwa."

"Tangu lini?"

"Sikio la kwanza mwaka juzi, la pili mwaka jana. Akatuambia atakayewapelekea habari watu wa Soy asilete redio yake tena kwake. Na mimi yangu iko kwake, inangoja betri, kwa hiyo sijakuambia chochote."

Mjomba, nilikuandikia kwamba mlio ni wazi, utausikia hata redio zote zikiwa zinaimba. Nilikujazia kurasa juu ya mlio. Ukajibu kwamba mtambo unafanya kazi. Nilisoma sentensi ile na kuipita.

Krismasi iliyopita sikuja kwako, nilikuwa nikitafuta ule upenyo wa mwanga kwenye mkebe. Ningekuja, ningejua siku ya kwanza. Ninajua kusikiliza kitu kisichosikika, na sikukusikiliza wewe.

Nisamehe kwa barua ya Mei. Nilitaka kuishia hapo, lakini utaniona mnafiki nisipouliza linalonisumbua. Siwezi kuwapa wasichana nambari nisizojua zilivyopatikana, hata zikiwa zako. Ulihesabuje?

Wako,
Wangeci

*

Timboroa
6 Julai 2025

Kwako Maitu,

Bwana asifiwe. Niko salama, na kuku wameongezeka. Chepkorir amekuja kuungama mwenyewe huku akilia, nikampa redio yake bila betri, iwe adhabu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikasirika. Ya pili nitakueleza huko chini.

Ulihesabuje, unauliza. Kwa kidole. Unadhani redio za watu nazitengenezaje? Nafungua mgongo, naweka ncha ya kidole kwenye karatasi ya spika. Redio nzima hutetemeka kwa mpangilio, iliyoharibika hutetemeka ovyo. Taarifa ya habari na wimbo wa injili havifanani kabisa kwenye kidole. Mkebe wako ulipofika nilijaribu hivyo hivyo, lakini spika yenu ni ndogo na mtetemo wake hafifu, nikaona nitakosa baadhi. Nikaing'oa siku hiyo hiyo. Nina katoni nzima ya simu zilizokufa, na kila simu ina kile kidude kinachoitetemesha mfukoni. Nikatoa kimoja, nikakilehemu mahali pa spika, nikakirekebisha kipige mara moja kwa kila mwale. Hizo ndizo solda mbili nilizokuambia nimezirudia. Hapo sikukudanganya, nilikupunguzia tu.

Kidole cha kushoto kwenye mkebe, mkono wa kulia kwenye maharagwe, macho kwenye saa. Sikutunga nambari hata moja. Siku nilipokwenda mazishi niliacha nafasi tupu, kaangalie tarehe 3 Mei.

Mvua ni kweli sikuijua. Nikitoka nakuta ardhi imelowa, sijui imenyesha saa ngapi. Ningekuandikia hivyo, ningekuwa nimejifichua kwamba sisikii.

Sasa sababu ya pili. Kule kitalu cha miche ya msitu wana kopo la kupimia mvua, na karani wao huandika inaanza saa ngapi na kukoma saa ngapi. Nilikwenda siku tatu, nikaomba daftari, nikanakili Aprili hadi Juni kwa mkono wangu. Karatasi iko humu. Nina miruko tisa. Minane mvua ilikuwa inanyesha au imetoka kukoma. Wa tisa, tarehe 8 Juni, kulikuwa na jua siku nzima na sijui ni nini. Sikuufuta.

Nilipomaliza kunakili nilikaa kwenye ukingo wa kitalu nikacheka peke yangu, karani akadhani nimechanganyikiwa. Miezi mitatu nimekuwa nikisikia mvua na sikujua kuwa ni mvua. Siku hizi mkebe ukianza kuharakisha chini ya kidole changu, naweka haragwe, nakwenda mlangoni, nachungulia. Na kweli, inanyesha.

Nina ombi moja. Usiandike kwenye ripoti kwamba mhesabu ni kiziwi. Watasoma neno hilo moja na kuacha nambari zote. Na mama yako likimfikia, atakuja na gari la ng'ombe anihamishie Soy, nikae nikilindwa kama ndama. Kibanda hiki ndicho kinachoniamsha asubuhi. Kama huwezi kuandika bila neno hilo, basi ondoa Timboroa kama ulivyosema, sitakulaumu.

Gichuru

*

Kapsoya
20 Julai 2025

Mjomba wangu,

Habari za kuku, habari za viazi, habari za kidole? Sisi wazima kabisa. Mama amevuna maharagwe na amekuwekea debe. Apiyo anakusalimu, anauliza kama unaweza kumfundisha kujua wimbo kwa kidole.

Barua yako iliniweka njia panda kwa siku mbili. Daktari hakubali nambari zisizo na mbinu. Mbinu ni kidole. Na mtu akiuliza kwa nini kidole, jibu ni lile neno ulilonikataza. Kulificha kwa uongo sikutaka, kulisema bila idhini yako sikutaka pia. Nikawaza kwa njia niliyozoea: kabla ya kueleza kitu, kipime.

Nilimtuma Apiyo kwa fundi wa simu wa hapa mtaani akaomba kile kidude cha kutetemesha. Tukakilehemu kwenye mkebe wetu kando ya spika, kihesabio kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa ili kitupe ukweli mwishoni. Wasichana wote kumi na wawili wakahesabu kwa masikio, kisha kwa kidole, pamba masikioni. Kwa masikio kila mmoja alipoteza kati ya saba na kumi na tano. Mtu akicheka, wamepotea. Gari likipita, wamepotea. Kwa kidole aliyekosea zaidi alipoteza nne. Si kwamba kidole kinatosha tu, Mjomba. Kidole kinashinda. Tangu siku hiyo nasi tunahesabu kwa kidole, ili vituo vyote viwili viwe na mbinu moja, na kihesabio ni cha kuhakiki tu.

Jumatano nikampelekea Daktari Emmanuel mkebe na jedwali. "Kwa kidole?" akaniuliza, vile wasomi wa chuo wanavyouliza wakiwa na shaka. Sikubishana. Nikampa pamba. Akahesabu dakika tano, akakosea mbili. Saa ilipolia hakuisikia, na nilipomwonyesha kwa mkono kwamba muda umekwisha, hakukiondoa kidole. "Ngoja kidogo," akasema kwa sauti kubwa ya mtu mwenye pamba. Alikaa hivyo kama dakika mbili zaidi, akitazama ukuta. Kisha akaangalia karatasi yako ya kitalu na kusema mruko wa tarehe 8 Juni tuuache ulivyo, na kwamba mtu anayeleta mruko asioweza kuueleza hatungi.

Kuhusu Mama sijasema neno, hilo ni lako. Lakini unaniita Maitu, na umeandika kwa mkono wako kwamba mtu hakatai akitumwa na mama yake. Basi nakutuma: mwandikie dada yako kabla ya mwezi kwisha. Mwambie unavyofanya kazi, ndipo umwambie usichosikia. Akija na gari la ng'ombe, mpe mkebe aushike mvua ikinyesha. Mimi nitakuja Agosti shule zikifungwa, nitakugusa bega.

Ripoti nimeituma Ijumaa asubuhi, vituo vyote viwili. Kwenye sehemu ya mbinu nimeandika: "Hesabu zote za Timboroa, na za Kapsoya kuanzia katikati ya Julai, zilifanywa kwa ncha ya kidole, kwa kuwa ilipimwa ikaonekana ni sahihi kuliko sikio. Mbinu hii ilibuniwa na B. Gichuru, fundi wa redio, Timboroa." Hakuna neno lingine juu yako, na hakuna lililo la uongo.

Spika yetu nimeing'oa siku hiyo hiyo. Iko ndani ya bahasha hii, imefungwa kwa pamba. Itafaa redio ya mtu.

Wako,
Wangeci